Msimulizi Asiyejua Kutoa Pole

Asubuhi niliyotoka Likoni sikuwa nimekata shauri niende wapi. Nilifunga chumba, nikauweka ufunguo kwenye kidirisha cha jikoni ambako mwenye nyumba angeupapasa na kuupata, nikateremka na wafanyakazi waliokuwa wakielekea kivukoni. Begani nilikuwa na mkoba mmoja wenye nguo, blanketi, brashi mbili za rangi na vitabu vitatu. Sikufukuzwa, na hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi. Mtu akikufukuza unapata cha kusimulia mbele ya safari. Mimi niliambiwa nikae, chumba ni changu, ila nisimsomee tena kitu chochote.

Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Macho yake yalikuwa yanakwisha. Alitaka kujua jambo moja tu, kama yatarudi au hayatarudi. Karatasi yenye jibu niliishika mimi, na niliisoma visivyo, tena kwa makusudi. Kilichonifichua ni riwaya, tena riwaya ya namna ambayo siipendi hata nikiwa na njaa ya kusoma.

Mimi niliacha shule darasa la sita. Kusoma sikuacha. Nimepakua makontena Changamwe, nimepaka rangi vyumba vya hoteli Bamburi, nimelinda ghala la mbao Ziwa la Ng'ombe, na kila nilipokuwa nilitafuta wale wauzaji wanaotandaza vitabu vya mitumba kwenye turubai kando ya viatu. Nachukua chochote. Nimesoma juu ya ufugaji wa nyuki, magonjwa ya meno, vita vya nchi nisizoweza kuzionyesha kwenye ramani. Lakini riwaya ndiyo niliyoipenda kuliko vyote, mpaka nilipoanza kukutana na huyu mtu.

Huyu mtu ni msimulizi asiyejua kukaa na watu. Sijui alitoka wapi, lakini kila turubai ninaloinamia siku hizi yupo. Katika riwaya moja ni mwanamke aliyejifungia chooni kwenye harusi ya dada yake, akakaa humo kurasa ishirini akihesabu vigae kwa sababu shangazi alimuuliza habari za kazi. Katika nyingine ni kijana anayetumia sura nzima kujizoeza namna atakavyomwambia jirani yake habari za asubuhi, kisha anakutana naye kwenye ngazi na kumwambia kwamba kitasa cha mlango wake kimelegea. Nikisoma mambo hayo mwili wangu wote unajikunja. Nafunga kitabu. Naondoka nizunguke uwanja, narudi, nasoma mistari mitatu, nakifunga tena. Niliwahi kumrudishia muuzaji mmoja kitabu kabla sijafika nusu.

"Hicho kinachekesha," aliniambia. "Wenzako wanakigombania."

"Kinamchekesha nani? Mimi kimeniumiza tumbo."

"Basi chukua cha nyuki."

"Cha nyuki nimeshakisoma."

Nimelifikiria sana jambo hili, maana sipendi kushindwa na kitabu. Nadhani sababu yake ni kwamba mimi nimeishi kwa salamu. Ukifika mahali huna jamaa wala cheti, mdomo ndio barua yako. Lazima ujue kubisha hodi na kusimama pembeni ya mlango usichungulie ndani. Lazima ujue nani wa kumwamkia kwanza. Unauliza hali ya nyumba, ya mvua, ya mgonjwa kama yupo, na neno chumba hulitamki mpaka mwenyewe akuulize umekuja na lipi. Ukiwakuta wanakula na wakakukaribisha, unanawa na kumega tonge moja hata kama umeshiba, kwa sababu anayekataa tonge ataanza kuchunguzwa. Vyumba vyote nilivyowahi kulala nimevipata hivyo. Na huyu wa riwaya ana mshahara, ana nyumba yenye maji ya bomba, ana mama anayempigia simu kila Jumapili, ndiyo maana anaweza kuingia kwa watu akatazama kucha zake. Asiye na kwao hana ruhusa hiyo. Kwa hiyo nikimsoma naona kama mtu anayemwaga maji mbele ya mwenye kiu.

Kwa Mwalimu nilifika kwa salamu vilevile. Tulipatana kwamba, pamoja na kodi, nitamsomea kila siku baada ya alasiri. Alikaa kibarazani na ungo wa mchele mapajani, akichambua chuya na mawe kwa vidole. Vidole vyake havikukosea. Mimi nilikaa kwenye mkeka karibu na miguu yake kama mwanafunzi, na kama mwanafunzi alinisahihisha: nisimeze maneno, nisikimbilie nukta, nisiguse neno la Kiarabu kama nagusa kaa la moto. Tulisoma gazeti, tukasoma vitabu vyangu vya turubai. Tulisoma hata kile cha meno, akasema mwandishi wake hakika ana meno mabaya.

Kisha ikaja barua ya hospitali. Alirudi nayo siku ya mvua. Daktari alikuwa na foleni ndefu, akamwambia yote yameandikwa humo. Ilikuwa kwa Kiingereza. Kibarazani walikuwapo wanawake wawili majirani waliokuja kumjulia hali, na wote watatu walinigeukia wanisikilize. Barua ilisema kwamba mshipa wa jicho la kushoto umekufa na hakuna matibabu, na kwamba la kulia lina mtoto wa jicho na lifanyiwe upasuaji upesi. Siku ilikuwa imeandikwa.

Kwetu pwani habari mbaya haitupwi kama gunia. Mtu akifa Lunga Lunga, mwanawe aliye mjini huambiwa baba anaumwa, njoo. Akipanda gari huambiwa hali si nzuri. Akifika na kuona viti nje, anajua mwenyewe. Nimeshuhudia hivyo tangu utotoni, na nimefanya hivyo kwa niaba ya watu mara nyingi, kwa sababu nasifiwa kuwa na ulimi laini. Basi nikainua uso kutoka kwenye karatasi nikasema, "La kulia wamekupa siku ya kufanyiwa. La kushoto wanasema litazamwe kwanza."

"Alhamdulillahi," wakasema wale majirani.

Nia yangu ilikuwa kesho niongeze kidogo, na keshokutwa kidogo. Lakini kesho yake niliamka nikamkuta anaimba jikoni.

"Nimepata wazo," akaniambia. "Nitangoja hilo la kushoto nalo lipewe siku, nifanyiwe yote kwa safari moja."

"Mwalimu, si uanze na la kulia?"

"Mwanangu, nani anayenyoa nusu kichwa?"

Nikacheka. Ningesema pale, ingetosha sentensi moja. Nilicheka kwa sababu alikuwa amesema jambo la kuchekesha na adabu ilitaka nicheke. Siku iliyoandikwa ikaja, ikapita. Nilimkumbusha kwa kuzunguka, nikamwambia nimesikia madaktari huenda likizo, nikamwambia jicho moja zima ni bora kuliko mawili ya kungoja. Akanijibu kwamba siku hizi nimekuwa na haraka kama mtu wa bara. Kila asubuhi na jioni alitia matone ya dawa katika jicho lililokufa, akifinya uso kwa maumivu, na mimi ndiye niliyemshikia kichupa.

Katika siku hizo ndipo alipotoa riwaya sandukuni mwake. Alisema amechoka na meno na nyuki, anataka cha zamani alichokipenda. Nilikisoma ukurasa wa kwanza nikahisi nimeingia mtegoni. Msimulizi wake alikuwa karani wa ofisi ya ardhi, mtu wa peke yake, haamkii wala haitiki. Wakimkaribisha chai anasema chai ina moshi. Bosi wake akimtambulisha mke wake, anamtazama yule mke viatuni, kisha anataja bei ya viatu hivyo.

"Endelea," Mwalimu alisema kila niliposita. Alikuwa akitabasamu.

Niliendelea kwa siku nne kama mtu anayekula muhogo mchungu. Siku ya tano karani alipanda teksi bila salamu, na ulimi wangu wenyewe ukaongeza, "Nikamwamkia dereva, nikamuuliza habari za tangu asubuhi." Sikupanga. Ilikuwa kama kumfunga mtoto wa watu kifungo cha shati. Mwalimu aliendelea kuchambua mchele. Basi nikaona njia. Karani akaanza kunywa chai na kushukuru. Akauliza hali za watu. Niliruka aya nzima ambamo aliwatazama wageni bila kuwajibu, nikaweka mahali pake mistari miwili ya kwangu, na wallahi nilianza kukifurahia kitabu.

Siku ya saba karani akaenda matangani kwa mfanyakazi mwenzake.

"Ngoja," Mwalimu akasema. "Rudi nyuma. Amefika kwa wafiwa. Kisha?"

"Kisha akatoa pole."

"Akasemaje?"

Nikatunga papo hapo. "Akasema, Mungu awape subira, marehemu alikuwa mtu wa watu."

Vidole vyake vilikwenda na kurudi kwenye ungo. "Na paa?"

"Paa gani?"

"La mabati. Kila nikikisoma kitabu hiki anamwambia mjane paa lake lina kutu, litavuja kabla ya arobaini. Leo limeezekwa na nani?"

Sikuweza kujizuia, nikacheka, naye akacheka mpaka mchele ukamwagika mkekani.

"Siku tatu nakusikiliza," akasema. "Tangu alipomwamkia dereva. Yule hajamwamkia mtu tangu ukurasa wa kwanza. Nikasema nikuache, nione utamfikisha wapi, pengine ataoa."

"Ananiudhi, Mwalimu. Mtu mzima anaingia matangani hajui la kusema. Nilimsaidia tu."

"Kwani alikuomba?"

Nilikuwa bado nacheka nilipoona vidole vyake vimesimama. Mwalimu hakuwa na desturi ya kusimamisha vidole.

"Na barua yangu?" akasema.

"Barua ipi?"

"Mwanangu."

Nikakifunga kitabu.

"Nayo uliitia adabu?"

"Mwalimu, ile ni ya Kiingereza, ina maneno ya kidaktari ambayo..."

"Usijifiche nyuma ya Kiingereza. Unakisoma kuliko nusu ya walimu niliofanya nao kazi."

"Basi kaa nikuletee nikusomee sawasawa."

"La," akasema. "Wewe kailete. Kisha niitie mwenye duka."

Mwenye duka alikuwa mtu wa bara, amepanga duka la mkabala kwa miaka mingi, na mtaani hakupendwa na mtu. Ukimwambia habari za jioni anajibu, "Sema." Ukimwambia shikamoo anakutazama kama umemtaja mtu mwingine. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia Mwalimu zaidi ya mara moja kwamba karani wa riwaya ametoka dukani kwake. Alikuja na mikono myeupe ya unga, akaisoma barua kwa kusimama, midomo ikicheza, kisha akasema:

"Jicho la kushoto limekufa. Ni mshipa. Hakuna kitu watafanya. La kulia ulitakiwa kufanyiwa mwezi jana. Mbona hukuenda?"

"Sikujua," Mwalimu akasema.

"Iko hapa. Imeandikwa." Akaigonga karatasi kwa kidole, ikabaki alama ya unga. "Kesho asubuhi nitafunga duka, twende tuulize kama watakupa siku nyingine. Kuna mtu ananingoja dukani."

Akaondoka. Hakusema pole. Nilisimama pale nikachemka, naapa, nikiwaza kwamba hata sasa, hata kwa jicho la mtu, hakujua kusema pole. Na Mwalimu akageuza uso kuufuata mlio wa ndara zake akasema, "Ahsante, mwanangu." Neno hilo kabla ya siku ile lilikuwa langu.

Nilijaribu kujieleza. Nilimwambia nilitaka kumwambia pole pole.

"Pole pole mpaka lini? Miezi miwili. Hata maiti huzikwa."

"Walikuwapo majirani, Mwalimu."

"Majirani walikwenda kwao kabla ya magharibi. Mimi na wewe tulibaki." Akaanza kuokota mchele mkekani, chembe kwa chembe. "Lililokufa limekufa, silii hilo. Nalilia hili zima ulilonichezea. Chumba ni chako, kaa. Lakini usinisomee tena. Hata kichupa cha dawa usinisomee."

Kesho yake walirudi kutoka hospitali na siku nyingine, ya mbali, baada ya miezi mitatu. Daktari alikuwa amemgombeza, na hakuna aliyeweza kuahidi kwamba jicho litakuwa halijaharibika zaidi. Hayo niliyasikia kupitia ukutani, kwa sauti ya mwenye duka, bila kupunguzwa.

Nilikaa siku nne zaidi. Nilipaka rangi mlango wa uani bila kuombwa. Nilimwamkia kila asubuhi, naye aliitikia marahaba kamili, yenye heshima zote, na hakuna nilichoweza kumlaumu. Siku ya nne, baada ya alasiri, nilisikia kiti kinaburutwa kibarazani. Mwenye duka alikuwa amekuja kabla ya wateja wa jioni na alikuwa anasoma. Alisoma kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa, sauti haipandi wala haishuki, nukta na mkato kwake ni kitu kimoja. Karani alirudi alivyokuwa. Alifika matangani, akamtazama mjane, akamwambia paa lina kutu litavuja kabla ya arobaini. Mwenye duka hakucheka. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa, akaomba aya ile irudiwe, na ikarudiwa vilevile, neno kwa neno. Nilikuwa nimekaa kitandani na mikono katikati ya magoti. Alfajiri nikafunga mkoba.

Nilivuka feri, nikaukata mji kwa miguu, nikapita daraja la Nyali na soko la Kongowea nikiwa bado nagombana na kitabu. Ningependa kuandika hapa kwamba nilimwelewa karani na kumpenda. Sikumpenda. Nilipofika Kisauni nilikuwa nimekubali jambo moja tu, tena kwa kuudhika: yule karani angepewa ile barua angeisoma kama ilivyo, mbele ya majirani, akaongeza na hali ya mabati. Mwalimu angelia siku ile, na mwezi uliofuata angefanyiwa jicho lake. Najua hivyo, na bado sitaki kukaa naye kurasa mia tatu. Kwa nini mtu aliyeandika kitabu hakuweza kumpa maneno ya kweli na salamu pia? Kwa nini ilibidi achague? Mimi nimewahi kuwaona watu wenye vyote viwili. Mwalimu mwenyewe alikuwa mmoja wao, na nilikaa miguuni pake mwaka mzima nikijifunza kutomeza maneno.

Juu ya Kisauni nilipata lori la mawe lililokuwa likirudi tupu machimboni. Dereva alinishusha Mwakirunge, mahali nisipomjua mtu. Barabara ni vumbi jeupe, moshi wa jaa unakuja na kuondoka kufuata upepo, na katikati ya machimbo wapo watu wenye mihogo yao na mbuzi wao kama vile hakuna kinachochimbwa. Niliuliza kwenye kioski, nikaelekezwa nyumba ya mawe ambayo mwenyewe hupangisha vyumba vya nyuma. Nilimkuta uani akishona makuti, mwanamke wa makamo, sindano ya mti mdomoni.

Nilibisha hodi nikasimama pembeni. Nikamwamkia. Nikauliza hali ya nyumba, ya mvua, ya mihogo. Alijibu yote, akaitoa sindano mdomoni, akaniuliza nimekuja na lipi, nikasema chumba.

"Ulikuwa ukikaa wapi?"

"Likoni."

"Mbona umehama?"

Kwa swali hilo nina majibu mengi na yote nimeyatumia. Kazi iliisha. Ndugu wa mwenye nyumba walirudi wakataka chumba chao. Hewa ya kule hainipendi. La kwanza lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Nilimsomea mwenye nyumba barua ya hospitali vibaya," nikasema. "Kwa makusudi. Akakosa siku yake ya kupasuliwa jicho."

Sindano ikasimama. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitamani kuongeza kitu, methali, kicheko, hata habari za mvua tena, na nikabaki nikitazama vidole vyangu vya miguu kwenye ndara.

"Ulikuwa unamwibia?"

"La. Nilimficha habari mbaya."

"Alikuambia umfiche?"

"La."

Akashona makuti matatu bila kunitazama. "Amepata siku nyingine?"

"Amepata. Ya mbali."

"Hapa hakuna wa kumsomea barua," akasema mwishowe. "Mimi nasoma mwenyewe. Chumba kina siafu mvua ikinyesha, na mlango haufungi mpaka uuinue kwa goti. Na moshi wa jaa ukija usiniambie sikukuambia."

Tukaenda kukitazama. Aliuinua mlango kwa goti, tukaingia. Kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari mmoja ukutani na dirisha la ukubwa wa kitabu. Alinitazama akingoja niseme neno. Nilizoea kusema kitu kizuri kila nikionyeshwa chumba, na nilikuwa nacho tayari.

"Ni kidogo," nikasema.

"Ni kidogo," akakubali, akaenda kuniletea ufagio.